Qiaomai Anampa Mwalimu Mgongo

Zamani mtoto wa kijiji cha Wutang alimkabidhi mwalimu kitabu kwa mikono miwili, akageuka, akampa mgongo na kughani shairi kutoka moyoni mpaka neno la mwisho. Siku hizi mtoto anasimama mbele ya simu, anachekacheka na kupunga mikono kama anayefukuza inzi, na watu wazima wanampigia makofi.

Hivyo ndivyo mzee Tan Deshui alivyokuwa akisema, na alimwambia kila aliyepita mlangoni pake, hata muuza tofu. Alikuwa na miaka sabini na sita. Shuleni alikaa miaka mitatu tu. Maneno mengine yote aliyaokota mwenyewe, kwenye kalenda za wakulima, kwenye mawe ya makaburi, kwenye karatasi nyekundu zinazobandikwa milangoni mwaka mpya. Kwa elimu hiyo ya kuokoteza alifundisha watoto wa kijiji miaka ishirini na miwili, akilipwa mpunga, mpaka wakaja watu kutoka wilayani wakasema asiye na cheti asishike chaki. Baadaye shule yenyewe ikafungwa, jengo likawa ghala la mbolea, na watoto wakawa wanapelekwa mjini kwa basi. Tan hakumsamehe mtu hata mmoja.

Alichobakiwa nacho ni ukuta. Ndani ya ukumbi wa mababu, mtu asiyejulikana aliwahi kuandika shairi kwa wino, mistari minne, maneno matano ya Kichina kila mstari. Lilikuwapo kabla babu yake Tan hajazaliwa, na kila mtoto wa Wutang alianza kusoma hapo:

Mvua imekatika, mlima umesogea;
kijito na mawe bado vinaongea.
Yangeyange mmoja kasimama mpungani:
mbingu haina wingu, wingu li shambani.

Siku moja, shule zikiwa zimefungwa kwa joto la mwezi wa saba, Bibi Peng wa nyumba ya bondeni alipanda na kikapu cha viazi vitamu.

"Mzee Tan, upo, au umeshakufa kwa hasira?"

"Nipo. Kama unauza viazi, vyako vina nyuzi."

"Siuzi. Nakuhonga."

Akaketi kizingitini, akavua kofia ya majani, akasema lililomleta. Mjukuu wake Qiaomai ametimiza miaka sita. Wazazi wako pwani kwenye kiwanda cha viatu, mtoto analelewa na yeye. Nyumbani anaongea na bibi yake na kuku, lakini akitokea mtu mwingine, mdomo unafungwa kama umeshonwa. Mwezi wa nane mwalimu wa shule ya mjini atakuja kuwasikiliza watoto wanaoingia darasa la kwanza. Mwaka jana kuna mtoto wa ng'ambo ya mto hakufungua kinywa. Akaandikiwa shule ya bweni ya mabubu, safari ya siku nzima, anarudi nyumbani mara mbili kwa mwaka.

"Na huyu si bubu. Jana kamtukana jogoo mpaka jogoo kaona haya."

"Mimi si mwalimu," Tan alisema. "Waliniambia wenyewe, kwa barua yenye muhuri."

"Muhuri utautia kwenye uji? Mimi mwenyewe ulinichapa rula kwa kusahau mstari wa pili. Mkono uliniuma, lakini mpaka leo sijausahau. Sasa unanidai nini tena, nipige magoti?"

Tan alikitazama kikapu, akakivuta ndani.

Kesho yake Qiaomai alikuja akiwa ameshika upindo wa shati la bibi yake. Walikuja pia watoto wawili wa jirani, Gangzi wa miaka saba na dada yake mdogo, kwa sababu mama yao alichoka kuwanyang'anya simu. Tan hakuwa na chaki. Alichovya burashi katika ndoo ya maji, akaandika neno moja kwenye jiwe pana la uani.

"Hili ni nini?"

"Maji," Gangzi alisema.

"Mjinga wee, nakuuliza neno!"

"Na mimi nakwambia ukweli, Babu. Ni maji."

Hata Tan alilazimika kugeuza uso asicheke. Neno lilikuwa 'mlima', na kabla hawajamaliza kubishana jua lilikuwa limelinywa. Ndivyo alivyowafundisha miaka yote: usome kabla halijakauka, au ulikose. Watoto walilifuata kwa kidole, wakalitaja, likatoweka, likaandikwa tena. Qiaomai alifuata kwa kidole tu. Midomo yake haikutikisika. Lakini Tan aliona kwamba kidole chake kilimaliza kila neno kabla ya Gangzi kuanza.

Wiki ya pili wakaanza kughani. Gangzi alisimama, akatabasamu, akanyanyua mikono juu akionyesha mlima, kama alivyoona kwenye simu.

"Shusha hayo mabawa," Tan alisema. "Yangeyange ni mmoja tu, naye yuko shambani. Lete kitabu. Geuka."

"Nikugeuzie mgongo? Mama atanipiga."

"Mwambie mama yako nilimgeuza yeye kabla yako. Ukimtazama mwalimu unasoma uso wake. Geuka usome moyo wako."

Gangzi akageuka, akakwama mstari wa tatu. Dada yake akakwama wa pili. Kisha Qiaomai, bila kuitwa, akamkabidhi Tan kijitabu kwa mikono miwili, akageuka.

Tan alimtazama kisogo na misuko miwili ya nywele. Alingoja. Alishaanza kufikiri namna ya kumrudisha mtoto kwa bibi yake na viazi visivyoliwa, aliposikia sauti ndogo, nyembamba kama uzi, ikisema kwamba mvua imekatika. Iliishia hapo. Kesho yake iliongeza mlima. Siku ya tisa ilifika shambani na kulikuta lile wingu, na kichwa kilikuwa kikiyumba kwa mahadhi ya zamani ambayo Tan hakumfundisha. Aliyapata kwa bibi yake.

"Anajua mwenzetu!" Gangzi alipayuka.

"Nyamaza," Tan alisema, akachovya burashi tena.

Mwalimu Kuang wa shule ya mjini alifika uani kwa Tan katikati ya mwezi wa nane, msichana wa miaka ishirini na kitu, mwenye viatu vyeupe na daftari. Hakuwa na ubaya. Alimchuchumalia Qiaomai, akamshika mikono, akamtazama machoni, akacheka naye.

"Mrembo, unaitwa nani?"

Kimya.

"Mimi ni rafiki. Unajua wimbo wowote? Shairi?"

Bibi Peng alikuwa akifikicha ukingo wa aproni yake. Mwalimu Kuang alijaribu kwa pipi, kwa picha, kwa simu. Mwishowe akashusha pumzi, akafungua daftari.

"Bibi, usihuzunike. Ile shule ya bweni ina wataalamu wazuri."

"Mwache ageuke!" Tan alisema kutoka mlangoni.

"Samahani, Mzee?"

"Ageuke akupe mgongo. Ndivyo inavyofanywa."

"Mtoto anipe mgongo?" Msichana akacheka kidogo. "Mzee, sisi tunawafundisha watoto kumtazama mtu. Kumpa mgongo mwalimu si adabu."

"Adabu! Ninyi mnaofundisha watoto kurukaruka kama vyura mtaniambia mimi adabu? Nyie ndio mliofunga..."

"Tan Deshui!" Bibi Peng alimkatiza. "Ugomvi wako na serikali uweke kando. Leo ni siku ya mtoto."

Mzee aliona mbele yake basi la safari ya siku nzima. Na yeye ambaye hakumwomba mtu kitu tangu aliponyang'anywa chaki, aliinamisha kichwa mbele ya msichana wa kumzaa mara mbili.

"Mwalimu, nakuomba. Mara moja tu."

Mwalimu Kuang hakupata kujibu, kwa sababu Qiaomai alikuwa ameshachukua kijitabu mezani. Alimkabidhi kwa mikono miwili, akainama, akageuka. Akaghani mistari yote minne, kichwa kikiyumba, bila kupotoka.

Kalamu ya mwalimu ilibaki hewani. "Amekariri," alisema polepole. "Je, anasoma?"

Tan alishakwenda kuchukua ndoo. Aliyaandika maneno kwenye jiwe bila mpangilio, moja huku, moja kule, juani. Qiaomai aliyasimamia akiwa amewapa wote mgongo, akayasoma moja baada ya jingine kwa sauti ya kusikika: kijito, wingu, mmoja, mvua. La mwisho alilisoma likiwa limebaki mkia tu.

Mwalimu Kuang alifuta mstari kwenye daftari, akaandika mwingine. "Darasa la kwanza," alisema. "Lakini kwangu nitamgeuza anitazame."

"Mgeuze," Tan alisema. "Polepole."

Bibi Peng alikaa chini palepale, kwenye jiwe lenye maji, akacheka huku akifuta machozi kwa aproni. "Mwalimu Tan," alimwita, kama miaka hamsini iliyopita, "jioni njoo ule. Nimetundika nyama moshini tangu majira ya baridi, nilikuwa naogopa kuikata."

Alikwenda, akala bakuli tatu, na usiku huo hakumlalamikia mtu.

Bibi na mjukuu walipanga chumba karibu na shule. Walirudi mara moja au mbili, halafu nyumba ya bondeni ikafungwa. Mara ya mwisho Tan kuwaona ilikuwa siku ya soko, majira ya baridi. Basi la mjini lilikuwa limejaa na injini inanguruma. Bibi Peng alimpungia kwa kofia, akasema jambo ambalo halikusikika. Qiaomai, mwenye mkoba mwekundu, alimtazama usoni, akatabasamu, kisha akageuka, akagusisha mgongo kwenye kioo cha dirisha. Kichwa chake kikaanza kuyumba. Tan alisimama kando ya vikapu vya kabichi, akahesabu kwa vidole, na basi lilipokata kona alikuwa ametimiza maneno ishirini.