Nyumba ya Fisi Haioshwi Yote

Mimi ni msusi, na ulimi wangu hufanya kazi pamoja na vidole. Kwa hiyo kaka yangu alipooa mwanamke anayepima mavi ya wanyama, nilijiambia Mungu amenikumbuka. Wifi wa kumtania nimempata, na cha kumtania kaja nacho mwenyewe.

Wifi ni mtafiti katika bustani ya wanyama iliyo ng'ambo ya daraja. Kazi yake ni kujua kama mnyama aliyefungiwa ana raha au ana dhiki. Anakaa kwenye kigoda, anatazama mnyama anavyotembea, anavyokula, anavyojikuna. Kisha anaokota mavi yake, anayagandisha, anayapeleka maabara. Siku moja nikimfumua nywele alinieleza kwamba mwili wenye hofu hutoa kemikali fulani, na mabaki yake hutoka na choo. "Uso unaweza kukudanganya, wifi," akasema. "Choo hakijui kudanganya." Nililirudia neno hilo saluni, mteja mmoja akacheka mpaka akamwaga chai.

Basi tulikuwa tunacheka hivyo, mpaka mambo ya Malkia yalipoanza.

Malkia ni fisi. Ni jike la makamo, mwenye madoa, aliyeokolewa angali mtoto kutoka kwa mtu aliyekuwa amemfunga mnyororo. "Kwa fisi, jike ndiye mkubwa wa nyumba," wifi alitueleza mezani, na kaka akakohoa kama aliyekwamwa na mfupa. Sasa huyo mkubwa wa nyumba akaanza kutembea. Kutoka kona hii hadi kona ile, anageuka palepale, anarudi, kutwa nzima, mpaka nyayo zikachubuka. Akichoka kutembea anajitafuna mkia. Vipimo vya choo chake vilikuwa juu, na kila wiki vilizidi kupanda.

Daktari wa mifugo, mtu mwenye huruma zake, akasema mnyama huyu anateseka, na kama hapati nafuu ni afadhali alazwe kwa sindano, asiamke tena. Mkurugenzi akakubali na akaweka mwisho: wakaguzi wakija mvua zikiisha, wakamkuta bado anazunguka, sindano haina mjadala.

Hapo ndipo nilipojua fisi hana ndugu. Angekuwa twiga, watu wangeandamana. Saluni kwangu nilisikia, "Si fisi tu?" na nikajikuta nimeuvuta msuko wa mteja kuliko ilivyohitajika. Nilikasirika kweli. Nilikuwa nimemwona wifi akirudi jioni, anavua viatu, anakaa na chakula kinapoa mbele yake.

Alijaribu yote. Mifupa ndani ya barafu, nyama iliyofichwa chini ya magogo, mpira mgumu, kidimbwi cha kuogelea. Malkia alicheza asubuhi moja, ya pili akarudi kwenye njia yake. Wifi akakonda, na kaka akaacha hata kumtania.

Wakati huohuo Mama yetu akaja kukaa nasi. Mama na vumbi hawajawahi kulala nyumba moja. Kabla hajafungua begi alikuwa ameshasugua masufuria, amegeuza magodoro, na amekichukua kitambaa cha binti mdogo wa kaka. Ni kipande cha shuka kuukuu ambacho hakuna anayekumbuka kilikuwa rangi gani, na mtoto yule bila kukinusa halali. Mama alikiloweka kwa dawa ya madoa, akakianika, akakikunja vizuri kama kitambaa cha kanisani.

Mchana mtoto akapewa. Akakinusa, akakitupa. Akaanza kuzunguka chumba huku analia, kutoka kitandani hadi mlangoni, mlangoni hadi kitandani, akinusa mto, akinusa pazia.

"Sasa huyu anatafuta nini?" Mama akauliza. "Si hiki hapa, tena kisafi!"

Wifi alikuwa amesimama mlangoni na sufuria mkononi. Alimtazama mwanawe akigeuka palepale na kurudi. Akaiweka sufuria chini taratibu.

"Mama, anatafuta kwao," akasema, na akatoka mbio na ndala zisizofanana.

Niwaelezeni alichokiona. Fisi huweka alama nyumbani kwake kwa harufu. Hujisugua kwenye majani ya nyasi, anaacha ute wake, na hivyo ndivyo anavyojua kwamba hapa ni kwangu. Na pale bustanini kuna mtunzaji tuliyemzoea kwa jina la Bwana Usafi. Kila asubuhi aliosha uwanja wa Malkia wote kwa dawa na brashi, akafyeka nyasi zikawa sawa kama nywele za mwanajeshi. Hakuna banda lililong'aa kuliko lile. Wageni walilisifu, na wifi mwenyewe alilisifu. Wote walitafuta kasoro kila mahali isipokuwa kwenye usafi, kwa sababu usafi ndio uliokuwa upendo wao. Wahenga walisema nyumba usiyolala ndani huijui ila yake. Malkia alikuwa akiamka mwenye nyumba, na kabla ya chakula cha asubuhi ameshakuwa mgeni.

Mazungumzo yaliyofuata nimesimuliwa na wifi na Bwana Usafi, ambaye humwita wifi daktari kwa elimu yake, na wanatofautiana tu kuhusu nani alipandisha sauti.

"Daktari, nimeosha hapa tangu nikiwa na nywele kichwani," Bwana Usafi alisema. "Leo unaniambia mimi ndiye ninayemwua?"

"Unamtunza. Ila tulikuwa tunamfutia nyumba yake, wewe kwa brashi na mimi kwa kukusifu."

"Na harufu? Watu watasema nimekuwa mvivu."

"Mavi zoa kila siku, maji yake badilisha. Lakini osha sehemu moja tu kwa zamu, usioshe kote kwa pamoja. Na nyasi za ukutani usiziguse."

Mzee yule aliitazama brashi yake. "Wakisema mimi mvivu, atajibu nani?"

"Nitajibu mimi."

Siku za mwanzo hazikuonyesha nafuu. Malkia alizunguka kama kawaida, na banda likaanza kunuka fisi. Mkurugenzi akawa anapita na leso puani. Kisha asubuhi moja Malkia akasimama katikati ya njia yake, akanusa jani la nyasi kwa muda mrefu, akajisugua. Kesho yake hivyohivyo. Mizunguko ikapungua na mkia ukaanza kuota manyoya. Mimi nilitaka kupiga vigelegele, wifi akanikataza. Alisema bado choo hakijasema.

Siku ya wakaguzi nilimkalisha uani asubuhi nimsuke, aende akionekana mtu. Nilikuwa nimemaliza upande wa kulia simu ikalia. Alikuwa Bwana Usafi.

"Daktari, njoo upesi. Mkurugenzi anataka banda lioshwe lote kabla wageni hawajafika!"

Wifi aliinuka na kichwa chake hivyohivyo, kulia mistari ya kupendeza, kushoto kichaka. Nikamkimbilia nyuma na chanuo mkononi, tukapanda gari la kwanza lililosimama. Dereva alimtazama kwenye kioo, hakuthubutu kuuliza.

Tulimkuta Mkurugenzi ndani ya suti yake penye uzio, na Bwana Usafi mbele yake na mpira wa maji begani. Bomba lilikuwa limefungwa.

"Nimesema fungua maji!"

"Bosi, kazi hii sijawahi kusukumwa kuifanya," Bwana Usafi akasema. "Leo siifanyi. Kama ni lazima, mpira huu hapa, shika wewe."

Mkurugenzi akautazama mpira, akaitazama suti. Na wakaguzi wakawa wameshafika.

Mkubwa wao alikuwa mama mmoja mwenye miwani ya kamba. Akavuta pumzi. "Hapa pananuka."

"Ndiyo, mama," wifi akajibu, nusu ya nywele zake zikielekea mbinguni. "Ni harufu ya mwenye nyumba." Akamweleza yote bila kumeza neno, na kosa akasema ni la kwake na la wenzake wote waliokuwa wakitazama.

"Na huyo mgonjwa yuko wapi?"

Tukatazama kona hii na kona ile. Hapakuwa na mtu, yaani hapakuwa na fisi. Kwenye ile njia iliyokuwa imechakaa, nyasi zilikuwa zimechipua. Malkia alikuwa chini ya ukuta, chali, miguu minne juu, mdomo wazi, tumbo lote ameliachia jua. Fisi aliyelala si kitu cha kupendeza, nisiwadanganye. Nililia pale mpaka chanuo likanianguka.

Daktari wa mifugo akatoa karatasi ya maabara iliyofika asubuhi ile. "Vimeshuka," akasema, na uso wake ukafunguka. "Vimeshuka kabisa. Sindano yangu narudi nayo." Yule mama akavua miwani, akampa wifi mkono, akataka kila banda lingine nalo lioshwe sehemu kwa sehemu. Mkurugenzi hapohapo akaanza kusema "sisi tuligundua". Bwana Usafi akanikonyeza.

Walipoondoka nilimkalisha wifi chini, mbele ya benchi lililoelekea banda, kichwa nikakilaza magotini kwangu. Nusu kichwa hakirudishwi mjini kwa jina langu. Nikasuka, nikimtania kwamba nyumbani kitambaa cha mtoto kimerudi kunuka vizuri, sasa Mama kakihamia kikoti cha kaka. Hakunijibu. Nilidhani amenuna.

Bwana Usafi akaja na ndoo yake, akaona ninavyoongea, akaweka kidole mdomoni. Nikageuka kumtazama Malkia. Mzee akatikisa kichwa, akanionyesha magotini kwangu. Wifi alikuwa amelala fofofo, mdomo wazi. Nikamaliza mistari iliyobaki taratibu, nisimwamshe.