Mama Kopi na Mtihani Uliovuja

Saa moja na robo asubuhi, foleni imefika nje ya mlango. Mama Kopi anapokea karatasi ya kwanza, anaisoma kutoka juu hadi chini, kisha anamtazama msichana aliyeileta.

"Hii ya somo gani?"

"Historia, mama. Kazi ya darasani."

"Mwalimu nani?"

Msichana anataja jina. Ndipo mashine inawashwa. Nyuma yake kijana mmoja ananong'ona, "Hapa hadi uapishwe!" Wenzake wanacheka. Mama Kopi hacheki.

Miaka kumi na mbili ametoa nakala kwenye chumba hiki karibu na geti la chuo. Hakuwa hivi.

Mwezi wa tatu mtihani wa takwimu ulivuja. Wanafunzi waliokamatwa na karatasi walisema zimetoka "pale getini". Siku hiyohiyo walinzi walikipiga kufuli chumba chake.

"Kilichoniuma si kufuli," anasema. "Mdogo wangu wa tumbo moja alinipigia simu akaniuliza, 'Dada, niambie ukweli, hukuuza?'"

Alipoitwa mbele ya kamati ya chuo iliyochunguza uvujaji, alionyeshwa mojawapo ya nakala zile. Pembeni kulikuwa na mstari mweusi, mwembamba kama unywele.

"Nikajua si yangu. Kioo cha mashine kikikwaruzika, kila karatasi inatoka na alama ileile. Changu hakina mkwaruzo."

Fundi anayemtengenezea mashine huhudumia pia ofisi za idara. Alipomuuliza, fundi alitazama huku na huku kabla ya kujibu. "Ile ya idara ya takwimu ina mstari. Niliwaambia wabadilishe kioo. Lakini mimi hujanisikia, dada."

Mama Kopi alirudi kwenye kamati na ombi moja: itolewe karatasi moja kwenye kila mashine ya chuo. Walibishana wiki nzima, kisha wakakubali. Mstari ulitokea kwenye mashine ya idara.

Karani wa ofisi hiyo alihamishwa kimyakimya. Mama Kopi alipata ujumbe wa simu wa maneno matano: "Unaweza kufungua chumba chako kesho."

Chumba kilikuwa kimefungwa siku kumi na tisa. Zamani alihudumia watu mia mbili kwa siku. Sasa hawafiki themanini. Wengine hupita wakigeuza shingo.

Naye hamwamini mtu. Juzi kijana mwenye shati lililonyooshwa alileta bahasha iliyofungwa, akataka nakala haraka, bila kusomwa. Alimfukuza.

"Nilihisi ametumwa kunijaribu. Labda nilimkosea, mtoto wa watu. Lakini aliyeumwa na nyoka, akiona ung'ongo hushtuka."

Hata mwandishi huyu aliombwa kitambulisho mara mbili.

Ameshaandikia uongozi wa chuo mara nne, akidai barua yenye muhuri inayosema hakuhusika. Jumatatu ameitwa kuonana na mkuu wa kitivo, na atakwenda na mdogo wake, asikie kwa masikio yake.

"Wakinipa hiyo barua," anasema, akifuta kioo cha mashine kwa kitambaa, "nitatoa nakala mia mbili, nibandike kila bweni. Bure."