Kati, Viazi Karai na Kilo Zangu

Muhula huo mwalimu mkuu alinikabidhi klabu ya afya. Sijui aliniona na nini, maana katika chumba cha walimu hakuna aliyemaliza viazi karai haraka kunishinda. Shule yetu iko mtaa wa Free Area, na pale getini alikaa mama mmoja na karai lake, akichovya viazi kwenye unga na kuvikaanga. Saa nne ikifika, harufu ya dania na pilipili iliingia darasani bila hodi.

Wiki ya pili akaja nesi na mizani kuwapima watoto wa Gredi ya Tano, darasa langu. Walipanga foleni, nesi akitaja kilo kwa sauti, mimi nikiandika. Sikuona ubaya wowote mpaka nilipoita jina la msichana mmoja, kimya. Nilimkuta nyuma ya tangi la maji, amejikunyata, sweta ameivuta mpaka magotini. Alikuwa mtoto mnene na mcheshi kupindukia, ila siku hiyo hakuwa na mzaha.

"Ticha, usinipeleke. Watanicheka."

"Nani atakucheka?"

"Wote. Nesi anasoma kilo kama anatangaza matanga redioni."

Nilimeza kicheko. Mimi mwenyewe nilikuwa na miaka mitatu sijakanyaga mizani, na sababu yangu ilikuwa hiyo hiyo yake.

Tukarudi tumeshikana mikono. Nikamwomba nesi asitaje kilo za mtoto tena, aniandikie tu. Kisha, sijui ujasiri ule ulitoka wapi, nikavua viatu nikapanda.

"Zangu taja," nikamwambia.

Akazitaja. Darasa likalipuka. Sauti ya nyuma ikasema ticha ni gunia la viazi na debe juu yake. Yule msichana alicheka kuliko wote, kisha akapanda, akapimwa kimya kimya, akashuka.

Tulipoingia darasani nikaanza hotuba yangu: mboga, matunda, mazoezi. Msichana akainua mkono.

"Ticha, hayo mazoezi tutafanya saa ngapi? Kipindi cha michezo unatufundishanga hesabu."

Ni kweli, kila Jumanne na Alhamisi nilikiiba kipindi kile, na wazazi wakanisifu kwa bidii yangu.

Alhamisi hiyo tukatoka uwanjani kucheza kati. Wawili husimama, mmoja kila upande, na mpira wa makaratasi, nawe katikati unaukwepa. Mimi nilikwepa mara moja tu. Mpira wa pili ulinipata mgongoni, paa! Aliyeurusha ni yule msichana. Huyo mtoto alikuwa na mkono! Mwezi haukuisha kabla timu hazijaanza kumgombania.

Ikabaki shughuli ya getini. Mwalimu mkuu alitaka mama wa karai afukuzwe; mimi nikaomba kwanza niongee naye.

"Mathe, huwezi kuweka na matunda hapa?"

Akanitazama juu hadi chini. "Mwalimu, kastoma wangu mkubwa ni wewe. Wewe nunua, mimi nitauza."

Kesho yake alileta ndizi na tikiti maji lililokatwa vipande. Nikasimama mbele ya watoto nikala kipande changu, maji yakinichuruzika kidevuni, roho ikiwa kwenye karai. Walinifuata mmoja mmoja. Viazi havikuisha, sitadanganya, lakini baada ya muda vikawa vya Ijumaa tu, na kila Ijumaa nami nilikuwa kwenye foleni.

Nesi aliporudi muhula uliofuata, aliwapimia watoto ofisini, mmoja mmoja, mlango umefungwa. Hakuna aliyejificha.

Siku ya wazazi, mama ya yule msichana alinijia mikono kiunoni.

"Mwalimu, umemfanya nini huyu? Akifika nyumbani ananitoa jikoni nikacheze kati. Mimi na magoti haya!"

Nikaanza kuomba radhi, nikaona anacheka. Basi nikamwambia aje Alhamisi na viatu vya raba, tulikuwa tumepungukiwa na mtu mmoja.