Gobore Lenye Kibiongo

Nakumbuka siku moja ya kiangazi, mwaka wa pili baada ya Maji Maji kuzimwa, nilipofungua mdomo wangu nikamsifu mtu kwa mara ya kwanza, na sifa zile zikampeleka asikorudi.

Mwanangu, jana nilikusikia ukilicheka lile gobore alilojitengenezea baba wa rafiki yako kule Mlabani. Ulisema linafanana na bomba la maji lililooa ubao. Nilicheka na mimi, sikufichi, maana mzaha wenyewe ulikuwa mzuri, na mnyonge mnyongeni lakini haki yake mpeni. Ila usingizi ulikataa kuja. Kwa hiyo kaa hapo, punguza haraka, nikusimulie habari ya mhunzi mmoja aliyeitwa Mzee Ngwila.

Hakuwa babu yangu wala mjomba wangu. Ukoo wake na wetu ni watani. Wao wakifiwa, sisi ndio tunaochimba kaburi na kumlaza maiti. Sisi tukifiwa, wao. Na kati ya msiba na msiba tunatukanana kwa afya njema. Mtani hakasiriki, hiyo unaijua. Lakini pia mtani hasifiwi, na mimi sheria hiyo niliishika kuliko amri za mapadri walionifundisha kusoma madarasa mawili matatu. Kijijini hakuna aliyenishinda kwa maneno. Nilikuwa na miaka ishirini hivi, na akili yangu yote ilikaa kwenye ulimi.

Mzee Ngwila alitengeneza majembe kama wahunzi wengine, lakini kazi aliyoipenda ilikuwa magobore ya kuwindia. Alikuwa akinunua bunduki mbovu kwa wafanyabiashara wa pwani waliopita kutafuta pembe, anatupa kila kitu, anabaki na mtutu tu. Mengine yote aliyaanza upya kwa mkono wake. Na hakumtengenezea mtu asiyemjua. Ukitaka gobore, kwanza alikuchukua mbugani siku tatu, umebeba fimbo tu, anakutazama unavyoinua, unavyopumua, unavyosimama kwenye matope. Kisha alikupima kwa bua la mtama, kutoka begani mpaka kidoleni, kutoka begani mpaka shavuni. Kuna mtu wa Masagati aliwahi kumtuma mdogo wake aje kupimwa kwa niaba. Mzee akamrudisha vile vile alivyokuja, akamwambia, "Bega halitumwi."

Gobore la namna hiyo lina risasi moja. Ukipiga umepiga, ukikosa, mpaka umwage baruti tena, ushindilie kwa mdeki, ule ufito wa chuma, uweke fataki ya kuwashia, mnyama yuko kwao anawasimulia wenzake. Ndiyo maana Mzee alisema mwenye risasi nyingi hupiga kelele, mwenye risasi moja husogea karibu.

Sasa lile la kwake mwenyewe ndilo lilikuwa kichekesho changu. Cheche ya moto ilimchoma jicho la kulia, likafa, lakini bega la kulia ndilo lililokuwa na nguvu. Kwa hiyo alichonga kitako cha mninga kilichopinda, kinakaa bega la kulia halafu kinauleta mtutu mbele ya jicho la kushoto. Alikichonga kiangazi kizima, akakipaka mafuta mpaka kikawa kama ngozi. Mimi nililiita gobore lenye kibiongo. Nilimwambia limepinda kwa kubeba uongo wake wa mawindo. Naye alinijibu kwamba yeye angalau alipima kabla ya kutengeneza, ila aliyetengeneza kichwa changu alikuwa na haraka. Tuliishi hivyo.

Lakini siku moja nilimfuata mbugani. Alimvizia sheshe, yule swala wetu wa bondeni, tangu jua linachomoza mpaka likawa utosini, amekaa kwenye majani na mbu wanamla, anangoja tu mnyama ageuke. Alipogeuka, gobore lilipanda begani kama mkono wake mwenyewe. Mlio mmoja. Sheshe hakupiga hatua ya pili. Maneno yalinijaa kifuani, mwanangu. Nilitaka kumwambia, "Mzee, hakuna kama wewe." Nikasema, "Umebahatisha."

Ikaja vita. Tukaambiwa ukinyunyiziwa dawa ile, risasi ya Mdachi, yule Mjerumani, inageuka maji. Mzee Ngwila alikataa. Alisema risasi anazipika yeye, tabia yake anaijua, haiogopi maji. Wakamwita mwoga, na sauti yangu ilikuwa ya kwanza. Tukaenda. Mimi dawa ile ilinisaidia kitu kimoja tu, ilinilainisha miguu nikakimbia vizuri. Kaka yangu hakukimbia.

Baada ya hapo Wadachi wakachoma mashamba na maghala, bonde zima hili unaloliona na mpunga wake. Tulikula mizizi. Nyumbani kwetu alikuwa mama, mimi, na watoto watatu wa marehemu kaka. Aliyetulisha ni yule mwoga. Kila alipopata mnyama alianza na nyumba za wajane, anaacha nyama mlangoni, anaondoka bila kubisha hodi. Nami nilimfuata kwa nyuma nikamwambia nyama yake ngumu kama mwenyewe.

Ndipo likatoka tangazo kwamba bunduki zote zipelekwe. Na zaidi ya bunduki, walimtaka kila anayezitengeneza, maana ukichukua bunduki umechukua moja, ukimchukua fundi umechukua zote zijazo. Jumbe wetu alitukusanya, akasema Mzee Ngwila kuanzia leo ni mtu wa majembe, na lile gobore amerithi kwa mwindaji aliyekufa zamani. Wote tukaitikia. Jumbe akanigeukia. "Na wewe hasa," akasema.

Wakaja askari sita na Mdachi mmoja, wakakaa mchangani pale kwenye kivuko. Mdachi kwenye kiti chake cha kukunja, na ombasha, yule mkubwa wa askari, anapokea bunduki mojamoja. Alipofika kwenye gobore la Mzee, akaligeuza, akacheka. Akalenga kibuyu kimoja kilichokuwa kinaelea mtoni, alama ya nyavu za wavuvi. Risasi ikaenda zake huko. Akauliza kama hii ni bunduki au mguu wa mbuzi. Akamwamuru Mzee ajaribu yeye.

Mzee akashindilia polepole, kama mtu asiyejua. Kisha nikamwona akiliweka bega la kushoto. La kushoto, mwanangu, ambako halikai! Akapiga, maji yakaruka mbali kabisa na kibuyu, naye akapepesuka kama mlevi. Watu wote wakacheka, na kicheko chetu sisi wa kijijini kilikuwa cha kushusha pumzi. Hata Mdachi alicheka. Akasema neno, ombasha akatafsiri kwamba mzee abaki na mguu wake wa mbuzi, akafukuzie ndege shambani.

Yaani yalikwisha. Gobore linarudi nyumbani, fundi anarudi nyumbani, watoto wa kaka watakula. Nilichotakiwa kufanya ni kunyamaza tu, kazi ambayo hata jiwe linaiweza.

Lakini ombasha akaongeza, "Na aliyeitengeneza hii alikuwa kipofu au mpumbavu." Na Mzee Ngwila akainamisha kichwa, akacheka pamoja nao. Hapo ndipo kitu kilinichoma. Kumcheka yule mzee ilikuwa haki yangu, ya kurithi. Nililicheka gobore lile miaka mingi, lakini nililicheka nikijua. Huyu mgeni analicheka kwa ujinga. Ulimi hauna mfupa, na wangu siku hiyo haukuwa hata na mwenyewe.

"Bwana ombasha," nikasema, "huyo amekosa makusudi. Mwambie aweke bega la kulia. Bonde hili lote hakuna mkono kama wake, na hicho kitako unachokicheka amekichonga mwenyewe."

Jumbe alifumba macho. Ombasha hakucheka tena. Alimwamuru Mzee alishindilie gobore tena, akanishika mimi shingoni, akamwambia kama atapiga na kukosa, basi kijana huyu ameichezea serikali, na anayeichezea serikali atatundikwa mtini sasa hivi. Unaona mtego nilioutega? Akikosa, nakufa mimi. Akipata, amejitaja.

Mzee alinitazama kwa lile jicho moja. Sikuona hasira. Akasema, "Hizo ndizo sifa zako za kwanza, mtani. Simama vizuri, utazame."

Akaliweka begani pake. Halikutikisika. Kibuyu kikapasuka vipande katikati ya mto.

Mdachi aliinuka kitini. Alilichukua lile gobore, akapitisha kidole kwenye kibiongo chake taratibu, juu mpaka chini, kama mtu anayesoma. Ombasha akatuambia bwana anasema hajaona kazi ya mkono kama hii. Halafu wakaifunga bunduki kwa blanketi, na fundi wakamfunga kwa kamba.

Tulisikia tu kwamba alibebeshwa mawe huko mlimani, kwenye boma la Wadachi, na mvua za kwanza hakuzimaliza. Maiti hatukupewa. Mimi mtani wake, niliyetakiwa kumlaza kaburini kwa mikono hii, sikujua hata alilala wapi. Nguruwe wakaingia mashambani, hakuna wa kuwazuia. Mama hakunigombeza hata mara moja. Alikuwa tu anaukoroga uji mwembamba na kuwagawia wajukuu bila kunitazama. Yule mdogo kabisa hakuiona masika iliyofuata.

Siku nilipopata moyo nikaenda kwa mke wa Mzee Ngwila, nikapiga magoti. Nilitegemea anitukane, ningefarijika. Alikuwa anapepeta, hata hakuacha. "Hukukosea kumsifu," akaniambia. "Ila ungemsifu hapa, akiwa anakula. Alikuwa akiuliza kila siku, hivi yule kijana kazi yangu anaionaje?"

Mwanangu, majuto ni mjukuu, na mimi huyo mjukuu nimemlea mpaka amezeeka. Ninachokuomba ni hiki. Ukikiona kitu kilichotengenezwa kwa mkono, kimepinda, kina sura ya ajabu, kabla hujacheka uliza kimepimwa kwa bega la nani. Ukishajua, cheka ukitaka, utani haukatazwi. Lakini mwenye kazi mwambie ukweli wake angali na masikio, mwambie nyumbani kwake, usingoje mgeni amtukane ndipo ukumbuke kumtetea. Na mbele ya mtu aliyekuja kuchukua, funga mdomo. Kuna sifa ni zawadi, na kuna sifa ni kamba. Tofauti yake ni nani anasikia.

Basi nenda, mwanangu. Leo hii upite kwa yule mzee wa Mlabani, umwamkie shikamoo, umwombe akuonyeshe alivyolitengeneza. Mungu akupe jicho la kuona jasho ndani ya ubao, akupe ulimi unaojua lini utoke na lini ukae, na kila utakayempenda alisikie neno lako zuri kabla hujafukiwa wewe au yeye. Amina.