Kidonge cha Asubuhi na Nguo za Idi

Kabla ya kukatwa rovu nilikuwa fundi cherehani mwenye mkono mwepesi kuliko wote mtaani Buyenzi, Bujumbura, na nilihakikisha kila mtu anajua. Gauni asubuhi, suruali mchana, na katikati nilipata nafasi ya kugombana na watu watatu. Nilitokwa jasho hata msimu wa mvua. Nilikula kama mchukuzi wa bandarini na bado mbavu zilihesabika. Watu walisema nina bidii, nami sikuwapinga. Rovu lenyewe, ule uvimbe wa shingoni, nililifunika kwa kitambaa na kuendelea kukanyaga pedali.

Ng'ambo ya barabara alikuwepo fundi mwingine, mzee kunizidi kidogo, mtaratibu hadi anakera. Hatukusalimiana kwa miaka sita. Sababu ya ugomvi nilikwisha kuisahau, ila hasira yenyewe niliitunza vizuri.

Siku moja moyo ulinienda mbio nikiwa nimekaa tu, nikaangukia gauni la watu. Daktari Mzungu wa hospitali alinibonyeza shingo akasema lile tezi lote litoke, ndilo linalonichochea usiku na mchana. Likatoka. Nilipozinduka, muuguzi, mama mmoja wa Uvira mwenye sauti ya kuamrisha, alinikabidhi kopo la vidonge.

"Fundi, sikia muzuri. Mu shingo yako mulikuwa kitu ya kuendesha mwili. Tumeitosha, haiko tena. Sasa hii komprime ndiyo itafanya ile kazi. Kila siku asubuhi, mbele ya kula, na maji. Mpaka siku ya kufa."

"Mpaka siku ya kufa?"

"Ee. Ukiacha, utaona."

Miezi ya kwanza walikuwa wanatafuta kipimo changu. Kwanza kilikuwa kidogo: nilisinzia mguu ukiwa juu ya pedali, na mke wangu akawaambia wateja kwamba naswali. Wakaongeza, kikazidi: nilifagia uani, nikafagia barabarani, nikaingia kufagia kwa jirani, naye akanifukuza. Wakapunguza. Hatimaye nikatulia. Nililala, nikanenepa kiasi, vidole vikaacha kutetemeka.

Nilipaswa kushukuru, lakini niliumia. Gauni lililokuwa la asubuhi moja sasa lilinichukua kutwa nzima. Kumbe bidii niliyojisifia miaka yote ilikuwa ya rovu, nao walikuwa wameliacha hospitali ndani ya bakuli. Mimi nilikuwa nani bila ile kasi? Wateja nao walinisikitikia. "Fundi, siku hizi uko mupole sana," walisema. "Haujapona?"

Ndipo Ramadhani ikaingia.

Naomba nieleweke. Nilikuwa mtu wa kufuata maagizo. Muuguzi alisema asubuhi, kwa maji, na asubuhi ya Ramadhani mtu hanywi maji. Jioni wakati wa kufuturu tumbo lilikuwa tupu kweli, lakini jioni si asubuhi. Kuna ruhusa ya mgonjwa kutofunga, najua, ila mimi niite nani ashuhudie kwamba ni mgonjwa, wakati mtaa mzima umeniona nikifagia barabara? Nikalifunga kopo, nikaliweka juu ya kabati, nikamwambia mke wangu kwamba vidonge navyo vimefunga.

Juma la kwanza sikuona tofauti yoyote, nikaamua kwamba wale wa hospitali wanapenda kutisha watu. Juma la pili nilianza kusinzia, lakini Ramadhani nani hasinzii? Mchana Buyenzi nzima ilikuwa imeegemea ukuta, midomo mikavu, maneno yanatoka kwa shida. Nilikuwa nafanana na wote.

Juma la tatu nilianza kusikia baridi. Jua la Bujumbura linapasua kichwa, watu wanajipepea kwa vifuniko vya masufuria, mimi nimevaa koti la sufu nimefunga vifungo vyote, naomba niletewe jiko la makaa. Uso ulivimba, sauti ikawa nzito. Watu hawakushtuka, walinisifu. Wazee waliotoka msikitini walisimama mbele ya baraza langu wakanitazama kwa heshima. "Angalia fundi," walisema. "Saumu yake iko ya kweli kweli." Mmoja aliniomba nimwombee dua. Nilikubali, nikasinzia kabla ya kuanza.

Wakati huo ndipo nguo za Idi zilipokuwa zinarundikana. Kwetu nyumba moja hununua jora moja la kitambaa, na watoto wote wa nyumba hiyo hushonewa sare, ili siku ya Idi mtoto akipotea mtu yeyote aangalie maua ya gauni ajue ampeleke wapi. Kwa hiyo ukimharibia mmoja umeiharibia nyumba nzima. Nilikuwa na nguo ishirini na nne za kushona. Nne kati yake zilikuwa za mabinti wa mama mmoja muuza ndagala, wale dagaa wa ziwani, mjane, ambaye tangu kufiwa hakuwa amewanunulia wanawe kitambaa kipya. Alikileta akiwa amekikumbatia kifuani. "Fundi, hii Idi watoto wangu watavaa," aliniambia.

Zilipobaki siku sita nilikuwa nimemaliza gauni moja tu, la binti mdogo wa yule mjane, na lilikuwa limenichukua siku tatu. Sikuwa na nguvu ya kwenda haraka, basi kila mshono niliuangalia mpaka macho yakachoka. Lile la pili nililishona pamoja na mkono wa koti langu. Nilipotaka kuinuka, gauni likainuka nami na cherehani ikatufuata. Mke wangu alicheka mpaka akakaa chini. Alipofika kunifumua, akaniona usoni kwa karibu, kicheko kikakatika. Alijifunga khanga akaenda hospitali kwa miguu.

Alirudi na muuguzi wa Uvira, kofia bado kichwani.

"Fundi, dawa unakunywa?"

"Ni Ramadhani, mama."

"Daku unakula?"

"Nakula."

"Na maji ya daku unakunywa?"

"Nakunywa."

"Sasa komprime moja kwa daku ingekuziba koo? We unakula wali, maharagi, ndizi, unashindwa na hii kidogo?"

Niliangalia kabati, nikamwangalia mke wangu, naye alikuwa anaangalia dari. Katika fikira zangu zote ya asubuhi na jioni, daku haikunijia kabisa. Tena niliila kila siku, na kwa hamu.

"Nitaanza kesho," nikasema. "Keshokutwa nitakuwa na nguvu."

"Apana. Iliondoka pole pole, itarudi pole pole. Mwezi, ao zaidi."

Mwezi! Nililia, na sioni haya kusema. Sikulilia mwili wangu. Nilimlilia yule mama na kitambaa alichokikumbatia, halafu nikajililia na mimi, maana siku ya Idi mtaa mzima ungejua kwamba fundi wao amekwisha.

Mke wangu aliniacha nilie, kisha akaanza kukunja vile vitambaa ndani ya shuka. Sikuuliza vinakwenda wapi. Palikuwa na mahali pamoja tu pa kuvipeleka. Alitaka kuvibeba yeye, nikakataa. Nilivuka barabara na koti langu la sufu, mzigo begani, na kwa upana ule mdogo nilipumzika katikati mara mbili huku wenye baiskeli wakinizunguka.

Yule fundi hakuinuka. Nilimweleza yote: rovu, vidonge, kabati, daku. Alisikiliza hadi mwisho akiwa na mkasi mkononi.

"Miaka sita sauti yako haikuvuka hii barabara," akasema. "Lakini nguo zako zilikuwa zinavuka."

"Nguo zipi?"

"Za wateja wako. Unashona mbio, zinaachia kwa kwapa, zinaachia kwa matako. Wanaogopa kukurudishia, utawatukana. Wananiletea mi usiku usiku, narudilia kushona. Ulizani mbona hawalalamike?"

Nilitafuta mahali pa kukaa. Sifa yangu yote ya mkono mwepesi, kumbe mwenzangu alikuwa anaitia nyuzi kwa nyuma. Ningekuwa na rovu langu ningempiga. Kwa vile sikuwa nalo, nilikaa kwenye benchi lake la wateja.

Alianza kupekua mzigo. Alipofika kwenye lile gauni lililokamilika aliligeuza ndani nje, akashika mshono wa kwapa kwa vidole gumba viwili, akavuta. Haukuachia. Akavuta wa kiunoni. Akalipeleka mlangoni kwenye mwanga.

"Hii nani alishona?"

"Mi."

"Apana. Hii si mukono yako."

"Ni wangu. Siku tatu."

Hakuniamini. Hata hivyo alinisogezea kiti, akanipa sindano na mapindo ya kukunja kwa mkono. Siku zilizobaki, mchana na usiku, yeye alikanyaga pedali na mimi nilikunja mapindo nikiwa na koti langu. Kidonge nilikimeza kwa daku mbele ya mke wangu, ambaye alinifumbua mdomo kuhakikisha.

Tulimaliza siku moja kabla ya mwezi kuandama. Mama wa ndagala alikuja akayapanga magauni manne mezani, akayakagua moja moja kama anavyochagua samaki. Alipofika kwenye lile dogo, alilirudia mara ya pili.

"Haya matatu iko mazuri," akasema. "Lakini hii, nani alishona hii? Nataka huyo huyo anishonee siku zote."

Fundi wa ng'ambo, midomo imejaa pini, aliinua mkono akaninyooshea kidole.