Mwalimu mgeni na binti aliyesimamishwa

Jumanne, tarehe 11 Februari. Manyunyu yameanza kabla ya kupambazuka, na baridi inapenya hadi kwenye mifupa. Mwalimu wa hesabu amesimama nje ya ofisi ya mkuu wa shule, midomo ikicheza kwa sala. Mwavuli unamchuruzikia viatuni, wala hana habari.

Asubuhi hii atajua kama anabaki au anarudishwa kwao.

Wanafunzi humwita Mwalimu Chaki. Alifika nchi hii na boksi zima la chaki, akakuta ubao mweupe wa kuandikia kwa kalamu. Walicheka, naye akacheka.

“Hilo la chaki lilikuwa dogo,” anasema. “Mgeni ni kuku mweupe. Nikikosea, naonekana toka mbali.”

Kubwa lilimpata wiki iliyopita. Kwao, alikofundisha miaka kumi na minne, asiyejua jibu husimama mpaka alipate, na hakuna anayeona ajabu. Hapa kumsimamisha mtoto ni kumwanika. Yeye alimsimamisha binti wa miaka tisa kwa kutojua jedwali la kuzidisha la saba, akaendelea na wengine, akamsahau. Kengele ilipolia, binti alikuwa bado wima, amejikojolea. Hajarudi darasani tangu siku hiyo.

Mwalimu yuko katika kipindi cha majaribio. Mkataba unaweza kukatwa wakati wowote. Mshahara wake, mara tatu ya ule wa kwao, ndio unaowalisha wanawe wawili aliowaacha nyumbani na baba yao. Sasa simu ikilia, anahofia ni ya kumfukuza. Jana mumewe alimtania kwamba nyumbani wanafunzi walimwita simba, vipi huko amegeuka paka? Alimjibu kwamba hata paka huunguruma akiwa kwake.

Mlango unafunguliwa. Ndani yumo mkuu wa shule, na mama wa binti amemshika mwanawe mkono. Mtoto anajificha nyuma ya koti la mama.

“Mwalimu, mwanangu anakuota usiku,” mama anasema taratibu. “Ungemchapa, ningejua pa kumpaka dawa.”

Mwalimu alikuwa amejiandalia utetezi, kwamba ndivyo wafanyavyo kwao, naye alilelewa hivyo hivyo. Anauweka kando.

“Nilimsahau, mama. Sina la kujitetea.”

Mkuu anaeleza kwamba hawezi kumbakiza mwalimu anayekimbiwa na watoto. Binti akikubali kurudi, mkataba utaendelea, akikataa, basi. Mama anasema mtoto aliaibishwa mbele ya wenzake, kwa hiyo mwalimu akaseme huko huko, si ofisini.

Wanaongozana hadi darasani. Watoto wote wanawageukia. Mwalimu anaogopa lafudhi yake, anaogopa macho yote yale, na zaidi anaogopa mtoto mmoja aliyeinamisha kichwa. Anavuta kiti chake, anamkalisha binti, kisha yeye anabaki amesimama.

“Mwanangu, nilikukosea. Darasani mwangu hasimamishwi mtu tena, si wewe si mwenzako. Usipojua, niambie hujui, tutatafuta pamoja. Mama yako yupo, mkuu yupo, wenzako wote wamesikia. Siku nitakapovunja neno hili, nitafungasha mwenyewe bila kufukuzwa.”

Binti anainuka, anamrudishia mwalimu kiti chake, na kwenda kukaa mahali pake katikati ya wenzake.