Tundu Nyuma ya Boti

Juzi pale Emali niliona boti mpya ikivutwa na gari, nikanusa tena rangi mbichi ya uani kwetu Tulia. Nilikuwa mtoto mdogo, na Baba alikuwa akifunga viti kwenye boti yake ya kuvulia, aipeleke bwawani kesho yake. Nyuma, chini kabisa, nikaona tundu la kupita ndama. Leo najua lilikuwa la kidole gumba. Nililia hadi kuku wakahama.

“Baba, utazama.”

“Hilo ni la kutolea maji, mwaitu.” Nimepewa jina la mama yake, ndiyo maana aliniita mama kwa Kikamba. Akatoa kizibo mfukoni, nikakikaza mwenyewe. Kisha nikamwaga ndoo nzima ya maji ndani ya boti, kama tulivyopima mitungi kuona kama inavuja. Halikutoka tone. Nikashusha pumzi.

“Haya mwanangu,” nikamwambia, “sasa nenda ukavue.”